Waya ya Kuanikia Nguo

Kila asubuhi nilipofungua dirisha la jikoni, kitu cha kwanza kuona kilikuwa nguo za ndani za Baba Ryan zikipepea nyuma ya ukuta, zimeanikwa kwenye waya ya ardhi. Msinicheke. Kwa miaka sita nilikunywa chai yangu nikiitazama hiyo waya, na kwa miaka sita nilikuwa na hasira nayo. Mimi ni fundi wa stima, mwanamke, nina leseni yangu, na nikiona waya ya kijani na manjano imening'inizwa soksi, natamani kuchukua koleo.

Nieleze kwa wasiojua. Nyaya za stima ndani ya nyumba huwa tatu. Moja inaleta stima, ya pili inairudisha, na ya tatu, hiyo ya kijani na manjano, haifanyi kazi yoyote inayoonekana. Inangoja tu. Siku stima ikitoroka njia yake na kuingia kwenye jiko au kwenye bomba la maji, hiyo ya tatu inaidaka na kuipeleka ardhini, na breka inakata stima kabla mtu hajaumia. Sasa Baba Ryan, alipokuwa akijiwekea stima katika nyumba yake hapa Komarock, Nairobi, aliona waya isiyofanya kazi ni shaba ya bure. Akazichomoa zote, akazisokota pamoja, akazifunga kutoka kwenye nguzo ya tangi hadi kwenye ukuta tunaopakana. "Hii haiozi na haikatiki," aliniambia, akiivuta nione. Alikuwa amefurahi kweli.

Jina lake ni Wasike. Alitoka Bungoma akiwa na miaka kumi na tisa, akaingia kiwanda kimoja cha blanketi huko Industrial Area, akasimama mbele ya mashine moja kwa miaka ishirini na nne, mpaka siku mashine yenyewe ilipouzwa na yeye akaambiwa aende nyumbani. Nyumbani kulikuwa ni hapa, nyumba ya vyumba viwili ambayo tayari alikuwa amekwisha kuiongezea jikoni upande wa nyuma, bafu, na vyumba vingine viwili juu. Kila kitu alifanya mwenyewe. Plasta yake, vigae vyake, mabomba yake. Stima alijifunza kwa kumtazama fundi wa kiwanda, mzee mmoja aliyeitwa Andati, ambaye kila mashine ilipoharibika alikuwa akimwita Wasike amshikie tochi.

"Nimeshika tochi miaka kumi na tano, Mama Eve," alizoea kuniambia. "Hakuna kitu Andati alifanya mimi sikuona."

"Na mimi nilishikwa mkono na nesi nikijifungua Eve," nikamjibu siku moja. "Sasa huyo nesi ni mama ya mtoto?"

Alicheka hadi akashikilia ukuta. Hatukuwa majirani wabaya. Na niseme ukweli, kwa sababu bila kuusema nitakuwa namwonea mtu: mkono wake ulikuwa safi kuliko wa mafundi wengi ninaowajua. Swichi zake zilinyooka. Soketi zake zote zilikuwa kimo kimoja kutoka sakafuni. Alikuwa na daftari gumu ambalo ndani yake alichora njia ya kila waya kwa kalamu nyekundu na ya buluu, chumba kwa chumba, na tarehe aliyoiweka. Ukibonyeza swichi, taa inawaka. Basi mtu kama huyo utamwambia nini? Nyumba inawaka, redio inaimba, maji yanapata moto. Angenisikiliza kwa sababu gani?

Maji ndiyo yaliyokuwa shida. Ile shawa ya stima ya bafuni kwake ilikuwa inarusha. Ukigusa mfereji miguu ikiwa mitupu, unapigwa mkono hadi begani. Na hapa mtu wa mbali atashangaa, lakini mtu wa Eastlands hatashangaa hata kidogo. Nusu ya bafu za mtaa huu ziko hivyo. Mgeni akija kwako unamwonyesha kitanda, unamwambia maji hutoka siku gani, halafu unamwambia, "Ukienda kuoga vaa slipa, hiyo shawa inatekenya." Kila mlango wa bafu una slipa za mpira zinazongoja. Watu wameizoea, wanaicheka. Neno hilo la kutekenya silipendi. Nimelisikia kwa watu ambao siku hizi ni marehemu.

Nilimwambia Baba Ryan mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa mzaha ukutani. Mara ya pili mke wake, Nafula, alinikaribisha chai, nikaingia bafuni na testa yangu, nikaigusisha kwenye mfereji mbele ya macho ya Baba Ryan, na kile kitaa kidogo cha ndani kikawaka. Alikitazama. "Hiyo ni stima kidogo tu ya kurudi," akasema, "haina nguvu." Mara ya tatu nilimwambia wazi, mezani kwake, Nafula akiwa ameketi hapo, kwamba hiyo nyumba itaua mtu, na kwamba Jumapili naweza kuja na waya yangu na chuma changu cha kupigilia ardhini nimfanyie bure.

Hapo nilikosea. Aliinuka akaenda kusimama nje, na kwa wiki mbili hakunisalimia. Nilikuwa nimechelewa kuelewa. Mtu huyu kazi imeisha, kiwanda kimefungwa, kijana wake Ryan yuko shule ya bweni na anakuja na maswali ambayo baba hayawezi. Kitu alichobaki nacho cha kuonyesha ni hiyo nyumba. Halafu mwanamke wa jirani anakuja kumwambia mbele ya mkewe kwamba hata hiyo ameifanya vibaya.

Mwezi uliofuata Nafula alinifuata ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Eve, Baba Ryan anaenda matanga nyumbani. Atakaa siku tatu. Kuja ufanye akiwa hayuko."

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Usiku ule nilikuwa hata nimeshapiga hesabu ya mita za waya kichwani. Lakini asubuhi nikamwambia, "Siwezi kuingia kwa mtu kama mwizi, Nafula. Ni boma yake. Aniambie mwenyewe." Nikalisema hilo nikiwa nimeinua kidevu, mtu wa leseni, mtu wa heshima. Nafula akaniangalia kidogo.

"Sawa," akasema, akaingia ndani.

Miezi mitano baadaye mama yake Nafula akaja. Jina lake Khalayi, lakini sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya, kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa na goti lililomvimba, na hospitali ya kwao ilimwandikia barua aje aonwe na daktari wa mifupa huku Nairobi. Alikuwa mwanamke mdogo, mpole, mwenye kilemba cheupe. Alikuwa hajawahi kulala katika nyumba ya mkwe wake, na asingelala kama si goti hilo.

Kwetu pia tunaheshimu wakwe, lakini kwao nyumbani kwa kina Nafula lilikuwa jambo zito zaidi. Kukhu na Baba Ryan hawakukaa chumba kimoja. Akiingia sebuleni, Baba Ryan anatoka kwa mlango wa nyuma. Walisalimiana kila mtu akiwa upande wake wa ukuta, nyuso zimegeuzwa. Hawakupeana mkono. Kukhu hakukalia kiti cha mkwe wake wala kunywea kikombe chake, na usiniulize kuhusu kumwona akiwa hajavaa, kwa sababu hilo hata halikutajwa. Wazee wa nyumbani walikubali alale pale kwa ajili ya ugonjwa peke yake, na wote wawili walijitahidi sana, ungewaona ungewahurumia.

Na Baba Ryan alimpenda. Hakuwa na namna ya kumwambia, kwa hiyo alifanya kwa mikono. Alimwekea taa mpya chumbani. Alipunguza kimo cha ngazi ya mlangoni kwa saruji. Halafu siku ya pili nikamwona anapita na chuma kirefu, kile cha bomba, na drili mkononi.

"Baba Ryan, hiyo chuma unaenda kufunga wapi?"

"Bafu. Mama ana goti. Lazima apate kitu ya kushika akisimama."

Nikasogea ukutani. "Karibu na mfereji?"

"Nimefunga na klampu ya chuma kwa bomba yenyewe. Haiwezi kung'oka."

"Baba Ryan, tafadhali. Weka ya plastiki. Ama zima hiyo shawa kabisa achemshiwe maji kwa jiko. Nakuomba."

Alinitazama, na safari hii hakukasirika. Alinijibu polepole, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo lote. "Mama Eve, yeye si mtoto. Ameambiwa. Atavaa slipa."

Nilimngoja Nafula arudi kutoka soko la Muthurwa, ambako anauza mapazia ya mitumba, nikamuuliza. Akaniambia ndiyo, mama anavaa slipa zake Nafula, zile za rangi ya waridi, na kila asubuhi yeye mwenyewe anahakikisha ziko mlangoni kabla ya kutoka. Nikasema sawa. Nikaingia kwangu nikapika. Hicho ndicho nilichofanya.

Kliniki ilikuwa Jumatano saa nane mchana. Alfajiri ilinyesha. Muthurwa ikinyeshewa huwa ni tope tupu, na Nafula, ambaye alitaka kuuza kidogo kisha arudi saa sita amchukue mama yake, alitia viatu vyake kwenye mfuko akatoka haraka na slipa miguuni.

Yaliyofuata Baba Ryan alinieleza baadaye. Saa nne alipita bafuni akaona mlangoni hapana slipa. Akakumbuka mama ataoga. Akaenda kuleta zake, za buluu, namba kumi, akazisugua kwa sabuni na brashi mpaka zikang'aa, akazipanga mlangoni zikielekea ndani. Halafu akasimama kwenye kijia, uso ukutani, akasema kwa sauti, "Mama, slipa ziko hapa mlangoni."

Kukhu akajibu kutoka chumbani, "Nimeziona, baba. Asante sana."

Akatoka. Akaenda kusimama getini, kwa sababu mwanamume hawezi kuwa ndani ya nyumba mama mkwe wake akivua nguo.

Mimi nilikuwa jikoni. Kazi yangu ya siku hiyo ilikuwa imeahirishwa kwa mvua, nikawa namenya viazi dirishani. Leso ya Kukhu ilikuwa imeanikwa kwenye ile waya. Sikusikia ukelele. Nilisikia karai likianguka, na sauti moja fupi, halafu kimya. Kisha miguu ya Baba Ryan ikikimbia. "Mama! Mama!" Nikasikia swichi kuu ikizimwa, tak, na moyo wangu ukasema, vizuri, amekumbuka. "Mama! Mama, niitike!" Sauti ilikuwa palepale kwenye kijia. Haikusogea.

Nilikuwa nimeshatoka nje aliponiita. "Mama Eve! Kuja! Kuja haraka! Mimi siwezi kuingia!"

Geti lake liko njia ya pili, ukizunguka ni mbali. Nilipanda stuli nikaruka ukuta na sketi yangu, nikaangukia goti, nikakimbia ndani. Nilimkuta amesimama hatua mbili kutoka mlango wa bafu, uso wake umegusa ukuta, mikono nyuma ya kichwa. Mlango haukuwa hata umefungwa kwa komeo.

"Umezima?"

"Nimezima."

"Umeingia?"

Akatikisa kichwa.

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi, kama ningekuwa na kitu mkononi ningempiga nacho. Nikasukuma mlango. Kukhu alikuwa chini, ubavuni, mkono mmoja ukiwa bado karibu na kile chuma, miguu mitupu kwenye maji. Nilimvuta, nikamfunika kwa taulo, nikaweka mikono kifuani nikaanza kubonyeza kama tulivyofunzwa. Nilihesabu thelathini, nikampulizia, nikahesabu tena. Alikuwa mwepesi sana. Kilemba kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari, kimekunjwa vizuri.

"Baba Ryan, mwite Owiti alete gari! Halafu kuja tumbebe!"

Owiti ni jirani wa nyumba ya mwisho. Gari lilikuja. Nikamfunika Kukhu kwa shuka kuanzia shingoni hadi vidoleni, nikamwita tena Baba Ryan. Aliingia. Aliingia akiwa amefumba macho. Hayakuwa yamefumbwa nusunusu, yalikuwa yamefumbwa kabisa, machozi yakitoka. Nilimwongoza kwa maneno, inama, hapo, shika, inua, kushoto kuna mlango, ngazi, ngazi nyingine, na akambeba mama mkwe wake kupitia nyumba yote aliyoijenga bila kuitazama mara moja. Kila kona aliijua.

Njiani niliendelea kubonyeza. Hospitali ya kwanza kwenye Kangundo Road walitupokea mbio, wakamwingiza, wakafunga pazia. Baada ya muda daktari kijana akatoka, akauliza ndugu ni nani. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Kutoka karai lianguke mpaka mimi nifike ni dakika ngapi? Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko hesabu yoyote ya waya. Mbili. Tatu. Labda nne. Kutoka Nafula aniombe mpaka siku hiyo, miezi mitano. Baba Ryan alisimama nje ya mlango kwa heshima, na mimi nilisimama nje ya mlango kwa heshima, na mimi nilikaa muda mrefu zaidi.

Nafula alifika hospitalini saa saba. Alikuwa amepigiwa simu akiwa sokoni, akaacha mapazia, akapanda bodaboda bila kubadilisha viatu. Alisimama pale mlangoni na slipa za waridi, zimejaa tope. Hakuna mtu aliyemwambia kitu kuhusu slipa. Alitutazama sisi, kisha akaangalia chini kwenye miguu yake, na hapo ndipo alipoanza kulia. Nilimshika.

Walimzika Kukhu kwao. Mimi nilienda, nikarudi peke yangu. Baba Ryan alirudi wiki mbili baadaye, na jioni moja nikasikia anakohoa ukutani.

"Mama Eve," akasema. "Kuja unifungie hiyo waya."

Nilienda Jumapili baada ya kanisa na kila kitu, waya nene ya shawa, ile ya kijani na manjano, breka mpya, chuma cha ardhini. Alikuwa amekwisha kuikata ile ya kuanikia na kuikunja mduara, ameiweka mezani juu ya daftari lake. Kile chuma cha bafuni alikuwa amekin'goa, matundu yamebaki ukutani. Tukazima swichi kuu. Nikapanda ngazi hapo bafuni kufungua dari, kukawa giza, na kabla sijaomba, mwanga ukamulika mikono yangu. Alikuwa ameshika tochi.

Tulifanya kazi karibu saa nzima. Nilipogeuka kuchukua koleo niliona slipa za buluu mlangoni. Zilikuwa bado palepale, zimepangwa sawasawa, zikielekea ndani, safi. Naye aliona nimeziona.

"Watu walisema mama alisahau kuvaa slipa," akasema. "Hata Nafula anasema hivyo. Mimi nimewaacha waseme."

Nikachukua koleo.

"Hakusahau, Mama Eve. Aliniambia ameziona. Alisema asante." Akahamishia tochi mkono wa pili. "Zilikuwa zangu. Mama mkwe hawezi kuingiza mguu kwa kiatu ya mkwe wake. Hii kitu najua tangu nikiwa mtoto mdogo. Siku hiyo nilikumbuka nisimwangalie, nikakumbuka nitoke nje, nikakumbuka nigeuze uso. Na hizo slipa nikazisugua na sabuni nikaweka hapo. Na yeye kuniambia hawezi, pia hiyo hangeweza."

Mwanga ulianza kucheza kwenye dari, huku na huku, sikuweza kuona waya niliyoishika.

"Shika tochi vizuri, Baba Ryan," nikamwambia.

Akaishika kwa mikono miwili.